Fundi wa Kupima

Barabara kuu kutoka Dar es Salaam huanzia usawa wa bahari, ikapanda Kitonga, ikapita Iringa na Mbeya, na kufikia Tunduma, mpakani na Zambia, gari liko takriban mita 1,600 juu. Huku hewa ni nyepesi. Pwani kanieneo yake ni kama kilopaskali 101. Tunduma ni kama 83. Katika gari lenye sensa ya kanieneo, fundi akigeuza ufunguo bila kupiga stata, mashine ya kupimia itamwonyesha hiyo 83, na sensa ni nzima kabisa. Namba hiyohiyo ikisomwa Kurasini, Dar es Salaam, sensa ni ya kutiliwa shaka. Mashine inatoa namba tu. Kujua namba hiyo ina maana gani mpakani ni elimu ya fundi. Ndiyo maana nashikilia kwamba kutafuta ugonjwa wa injini ni kazi kamili, yenye heshima na malipo yake, wala si maandalizi ya kununua spea.

Wengi wetu tukiona taa ya injini imewaka, tunaamini mashine itataja kifaa kilichokufa. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa msimbo unaotoka mara nyingi huja na jina la sensa. Lakini mfumo huu wa misimbo, ambao Marekani iliufanya wa lazima kwa magari madogo ya kuanzia mwaka 1996, ulikusudiwa kudhibiti moshi mchafu. Unachosema ni kwamba kipimo fulani kimevuka mipaka. Chukua P0171, yaani injini inapata hewa nyingi mno ikilinganishwa na petroli. Sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi imeona oksijeni imebaki nyingi, kompyuta ikaongeza petroli mpaka ikafika ukomo wake, ndipo taa ikawaka. Anayeing'oa sensa hiyo kwa sababu ya msimbo huo anamfukuza shahidi aliyesema kweli, na shahidi mpya atasema yaleyale.

Fundi makini hutazama kwanza ni asilimia ngapi ya petroli inaongezwa injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha huipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na kutazama tena. Nyongeza ikiwa kubwa mwanzoni na kupungua mizunguko ikipanda, anaanza kutafuta mpira wa vakyumu uliopasuka: hewa ya wizi huonekana sana injini inapovuta kidogo, na humezwa inapovuta nyingi. Nyongeza ikizidi kadiri mizunguko inavyopanda, anaiacha mipira na kushuku pampu ya petroli iliyochoka, chujio lililoziba, au sensa ya hewa iliyofunikwa na vumbi, jambo la kutarajiwa kwa gari linaloshinda kwenye barabara za vumbi za Momba wakati wa kiangazi. Mpaka hapo hajashika spana. Na akishuku sensa ya joto la maji, huifungua, huunganisha mita kwenye ncha zake na kuitumbukiza katika kikombe cha maji ya moto. Kwenye Toyota nyingi inatakiwa isome kati ya omu 2,000 na 3,000 kwa nyuzi 20, kisha ishuke hadi kama 300 maji yakiwa nyuzi 80. Ikishuka hivyo, sensa haina kosa. Afuate waya, atafute soketi yenye kutu, ethi iliyolegea au mahali panya alipotafuna. Napenda sana kipimo hiki, kwa sababu hata dereva aliyesimama kando anauona ushahidi kwa macho yake.

Atasema mtu: Tunduma ni mpakani, mzigo unasubiriwa Lusaka au Lubumbashi, sensa ya mtumba ni rahisi, badilisha watu waondoke. Kuna ukweli hapo. Injini ikigoma kuwaka na fundi ana sensa anayojua ni nzima, kuijaribu ni kipimo halali, mradi akiona hakuna mabadiliko airudishe ile ya zamani. Ila anayebadilisha kwa kubahatisha hamwokolei dereva muda. Anausogeza usumbufu ng'ambo ya Nakonde, porini kabla ya Mpika, ambako hakuna wa kumrudia.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa. Mteja anauliza: nikulipe nini na hujabadilisha kitu? Swali hilo limewafundisha mafundi kuficha malipo ya akili zao ndani ya bei ya spea, hivyo aliyegundua mpira uliopasuka anapata kidogo, na aliyefunga sensa tatu zisizohitajika anaondoka na nyingi. Hapo kosa ni letu wenye magari kuliko wao. Bei ya kupima itajwe kabla boneti halijafunguliwa, ilipwe hata kama kilichopatikana ni mpira mmoja tu, na mteja apate haki ya kuuliza: umepima wapi, na mita imesoma ngapi?