Mishororo Minne ya Hamza

Ndani ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Afterlives (2020) mna kikaratasi ambacho mpenzi wa mashairi wa mwambao hawezi kukipita bila ya kusita. Hamza, aliyekuwa askari wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, amerudi kwenye mji wa pwani na jeraha la upanga, pamoja na kitabu cha mashairi kilichomo tungo za Schiller, alichoachiwa na ofisa aliyemfunza Kijerumani. Anapata kazi kwa mfanyabiashara wa mbao na samani, na moyo wake unamwangukia Afiya, anayelelewa na Khalifa na mkewe. Maneno yake mwenyewe hayamtoki. Basi anatafsiri mishororo minne ya Schiller, anaiandika na kumpa. Riwaya ni ya Kiingereza, lakini mishororo hiyo Gurnah ameiacha katika Kiswahili.

Minne ni idadi ya tarbia, ila ufanano unakoma hapo. Vina hamna, vya kati wala vya mwisho, na mizani haikuhesabiwa. Mshairi wa kimapokeo ataitia wino mwekundu, wala hatakuwa ameonea mtu: kwa nini mtu wa pwani, penye hazina ya tungo za wapendanao, akakope kwa Schiller? Tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 watu wamegombana juu ya vina kana kwamba ni mali ya urithi. Riwaya hii inalirejesha suala hilo kwa mtu asiyejua kuwa kuna ugomvi. Hamza si malenga. Ni kibarua anayejifunza useremala kwa Mzee Sulemani, fundi ambaye pia hudarizi kofia. Gurnah angemtilia kinywani tarbia iliyonyooka, msomaji angemsikia Gurnah. Ukwaru wa mishororo ile ndio ukweli wake. Na Kijerumani chenyewe alifunzwa kama mchezo wa bwana kwa mtumishi wake. Alichofunzwa ili kumfurahisha mkubwa, yeye anakifanya posa.

Uzito zaidi uko upande wa anayesoma. Afiya alifunzwa kusoma na kuandika na kaka yake Ilyas, aliyemtafuta baada ya kuwa mbali na nyumbani kwa miaka mingi, kisha akamwacha tena na kwenda vitani. Mlezi aliyerudishiwa binti huyo alimpiga hadi kumvunja mkono kwa kosa la kujua kuandika. Ndipo Afiya alipomwandikia Khalifa maneno machache ya kuomba msaada, na Khalifa akaja kumchukua. Karatasi mbili, basi: moja ya kilio, nyingine ya mapenzi. Zote mbili hazina pambo, na kila moja inampatia Afiya nyumba. Mkono uliovunjwa kwa sababu ya herufi ndio unaopokea herufi za Hamza, na mwandishi, kwa busara, haelezi hata kidogo uhusiano huo.

Sanaa ya Ilyas haina bahati hiyo. Anaishia Ujerumani, anaimba kwa jina la Elias Essen, anaandamana na wanaodai makoloni yarudishwe, na mwisho anafia katika kambi ya Wanazi ya Sachsenhausen. Hayo anayagundua mpwa wake, mtoto wa Hamza na Afiya aliyepewa jina la mjomba huyo.

Hapa riwaya inateleza. Sura zilizotumia subira kubwa kwa kikaratasi kimoja zinafuatwa na mwisho unaokwenda mbio, mambo ya miaka na miaka yakirundikwa katika kurasa chache kama muhtasari wa jalada. Msomaji aliyekuwa akiingoja sauti ya mwimbaji anapewa taarifa ya ofisini, na Afiya, aliyemngoja ndugu yake kuliko mtu yeyote, hapewi hata ukurasa mmoja wa kuipokea habari hiyo.