"Kina Mama" katika Lugha ya Kampeni: Mfano wa Bofu, Likoni

Aghalabu hotuba ya kampeni katika wadi ya Bofu, kama kwingineko Mombasa, hufunguliwa kwa mwito mmoja: wazee, vijana na kina mama. Mwito huu umezoewa hata hauhojiwi. Ukipimwa kwa mizani ya maana, una kasoro. Wanaume wamegawanywa kwa umri, kisha huitwa tena kwa kazi zao: wavuvi, makuli, madereva. Wanawake wamekusanywa wote chini ya jina la uzazi. Msichana wa miaka ishirini asiye na mtoto, auzaye viazi vya karai kando ya njia, yu kundi gani? Kisarufi neno "kijana" halina jinsia. Jukwaani limegeuka la kiume, naye msichana huyo hutiwa umama kabla hajaupata.

Si kwamba wanawake wa Mombasa hawakuwahi kujitaja vingine. Mwaka 1958 wanawake wa Kiarabu, wakiongozwa na Shamsa Muhammad Muhashamy, walidai haki ya kura waliyonyimwa katika uchaguzi wa 1957. Vyama vya ngoma ya lelemama vilikwisha kuwapa wanawake wa mji huo mazoea ya uongozi na ushindani. Jina walilolitaka ni la mpiga kura.

Kasoro ya mwito wa jukwaani imeingia hata katika jina la cheo. Ibara ya 97 ya Katiba ya 2010 yaweka wabunge wanawake 47, mmoja kwa kila kaunti, wachaguliwao na wapiga kura wote, wake kwa waume. Huyo ni mwakilishi mwanamke. Kumwita "mwakilishi wa wanawake" ni kuiachia a-unganifu ibadili sheria, na kumfanya mpiga kura wa kiume asikie kana kwamba karatasi hiyo si yake. Mishi Mboko alishika cheo hicho Mombasa tangu 2013. Mwaka 2017 akamshinda Masoud Mwahima katika ubunge wa Likoni, kiti ambacho jina lake halitaji jinsia.

Yabaki kauli ipendwayo na wapiga kampeni, kwamba "kura za kina mama" ndizo zilizoamua. Daftari la 2022 lilikuwa na wapiga kura 22,120,458, wanawake wakiwa takriban asilimia 49. Daftari huandika jinsia. Fomu ya matokeo haiandiki. Kura ya Bofu ikishatumbukia sandukuni, haijulikani ni ya mama, ya binti wala ya kuli.