Mgongo wa Bibi

Huku Kwale tunamsifu fundi wa mitumbwi wa Gazi na Shimoni, tunamsifu msusi wa mikeka, lakini bibi anayelaza watoto tunamwona amekaa tu. Naye ni fundi. Ukunda, Kinondo hadi Msambweni, ndiye anayeachiwa mjukuu alfajiri mama anapowahi zamu hotelini Diani.

Mtazame kazini. Mtoto kachoka, analia mpaka sauti inakwaruza. Kama keshakaza shingo, bibi anainama na kumpandisha mgongoni. Leso inapita chini ya makalio, inakazwa kifuani, miguu imekumbatia kiuno, uso umegeuzwa upande ili pua ipate hewa. Kisha anatembea. Anazunguka uga, anakwenda kisimani, anarudi, hatua ni zile zile, na salamu ya jirani anaiitikia huku akienda. Kilio kikikatika, hamshushi papo hapo. Anaketi kwenye kitanda cha kamba, mtoto angali mgongoni, akingoja kile kiganja kilichong'ang'ania leso kilegee. Hapo ndipo humlaza.

Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN, Japani, wakiongozwa na Kumi Kuroda, walichapisha walichokiona kwa watoto wachanga 21: anayelia abebwe na kutembezwa dakika 5, na akisinzia, mbebaji aketi naye dakika 5 hadi 8 kabla ya kumlaza, maana akiwahishwa kitandani huamka upesi. Niliposoma nilifurahi mno. Bibi hapimi dakika. Anapima kile kiganja.

Na bembezi zake? Nyingi hazimhusu mtoto. Huimbwa ya mume aliye safarini, ya wifi, ya chungu kisichojaa. Mtoto hupata mahadhi, maneno ni ya mwimbaji mwenyewe. Naamini nguvu ya bembezi imo humo: aliyetoa lililomkaa moyoni hupumua taratibu, na mtoto kalalia pumzi hiyo.

Na akifika kitandani, mtoto mchanga alazwe chali, chandarua chenye dawa kichomekwe vizuri, maana malaria ya Kwale bado ipo. Haya wauguzi hufundisha. Dawa ya kikohozi ya kumlewesha alale, hapana kabisa. Ila siku ya kliniki, mama wa mtoto wa kwanza akishaelezwa chandarua, ningetaka aitwe bibi mmoja kutoka kwenye foleni, afungue leso yake, amwonyeshe mama huyo inavyokazwa.