Nani Mwenye Utendi? Rekodi ya Kielektroniki na Usomaji wa Miswada ya Kiswahili

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, orodha ya maktaba haihesabiwi kuwa matini. Mtafiti huifungua, huitwaa namba ya mswada, huitia katika tanbihi, kisha huisahau. Makala haya yanashikilia kwamba kuisahau huko ni kosa la kihakiki. Rekodi inayomtaja mtungaji, inayoipa matini jina na tarehe, na inayoamua matini inahusu nini, imekwisha kuihakiki matini hiyo kabla ya mhakiki hajafika. Zamani mtafiti aliyeketi mbele ya mswada wenyewe aliweza kuipinga orodha papo hapo. Leo wengi wetu, hasa wanafunzi wa uzamili, huanza kwa kuandika neno katika nafasi ya utafutaji ya hifadhidata ya chuo kikuu, na kile ambacho rekodi haikukitaja hakijitokezi kabisa. Hoja yenyewe, hata hivyo, ni finyu zaidi ya hapo. Utendi una desturi yake ya kujiorodhesha, na orodha za maktaba hazijaipa desturi hiyo uzito unaostahili.

Desturi hiyo inajulikana kwa kila aliyesoma tendi za mwambao wa kaskazini. Katika beti za mwisho mtungaji hujitaja kwa jina, pengine na nasaba yake na mji wake, huhesabu beti alizotunga, huweka mwaka wa Hijria, na humwomba msomaji amwombee na amsahihishie makosa. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi wake wa 1275 Hijria, yaani karibu na 1858, hakuwaachia wengine kazi ya kuutambulisha. Mwengo wa Athumani naye, ambaye Utendi wa Tambuka unanasibishwa kwake, anahusishwa ndani ya matini na utawala wa Pate uliomwagiza kazi hiyo, na mswada wa utendi huo uliohifadhiwa Hamburg unajulikana kwa tarehe yake ya 1141 Hijria, yaani 1728. Juu ya hayo, mnakili naye huweza kuongeza kauli yake, akataja jina lake, mwaka wa kunakili na yule aliyenakiliwa. Kwa hiyo tamati ya mswada mmoja huweza kubeba watu watatu na tarehe mbili. Hii ni kumbukumbu iliyopangwa, nayo imeandikwa na watu walioijua kazi yao.

Tuitazame sasa mikusanyo yenyewe. Hazina kubwa ya miswada ya Kiswahili iliyoko SOAS, London, imegawanywa kwa majina ya waliokusanya au kumiliki: Taylor, Hichens, Whiteley, Knappert na wengineo. Kwa mhifadhi mpango huo una mantiki, kwa kuwa unalinda historia ya jinsi karatasi zilivyofika zilipo, na sina ugomvi nao. Tena kazi ya kuieleza hazina hiyo kwa njia ya kielektroniki, iliyomhusisha mjuzi wa Mombasa Mwalimu Yahya Ali Omar, ni miongoni mwa huduma kubwa iliyowahi kufanyiwa fasihi hii. Mwanafunzi aliyeko Dar es Salaam au Eldoret anayetazama picha ya ukurasa bila nauli ya ndege hana sababu ya kulalamika. Tatizo huanza jina la mkusanyaji linapopanda kutoka katika historia ya umiliki na kuwa mlango wa kuingilia matini. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniletea sura nzima ya tasnifu juu ya “mashairi ya Taylor”. Alicheka nilipomuuliza Taylor alizaliwa mtaa gani wa Mvita, lakini kosa halikuwa lake peke yake.

Maana nyuma ya Taylor yuko Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. William Taylor aliyapata mashairi ya Muyaka bin Haji kwa msaada wa mjuzi huyo, aliyeyakusanya kutoka vinywani na katika kumbukumbu za watu wa Mombasa zaidi ya kizazi kimoja baada ya Muyaka kufa. Diwani ambayo Hichens aliichapisha mwaka 1940, pamoja na sehemu kubwa ya tunachokiita leo “Muyaka”, imepita mikononi mwake. Uteuzi, mpangilio na ufafanuzi wa maneno una alama yake. Rekodi yenye nafasi mbili tu, ya mtungaji na ya mkusanyaji, haina pa kumweka Sikujua. Matokeo yake si dhuluma kwa marehemu tu. Mhakiki anayetaka kuuliza ni mashairi yapi ya Muyaka yaliyosalia kwa sababu Sikujua aliyapenda, na yapi yaliyopotea kwa sababu hakuyapenda, hana njia ya kuliweka swali hilo mbele ya hifadhidata.

Mashairi ya majibizano yanaleta utata mkubwa zaidi. Mashairi ya vita vya Kuduhu, yaliyorushwa baina ya Mombasa na Lamu mapema katika karne ya 19, si tungo zilizosimama mbalimbali. Shairi la Lamu huchukua fumbo la Mombasa na kuligeuza, na anayesoma jibu bila swali husoma nusu ya matini. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff, katika kitabu chao cha 1995 juu ya mashairi hayo, waliyasoma kama mabishano, na thamani ya kazi yao iko hapo. Rekodi inayodai mtungaji mmoja kwa kila kipengee hufanya kinyume. Ama huukata mjadala vipande, kila kipande kwa mwenyewe, ama huuweka ukurasa mzima chini ya jina mashuhuri kuliko yote, ambalo kwa kawaida ni Muyaka. Njia ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwani humfanya mshairi wa Mombasa ajijibu mwenyewe kwa ulimi wa Lamu.

Naja kwa Muhamadi Kijuma, na hapa ndipo suala hili linapokuwa la kihakiki hasa. Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mchonga nakshi, mtungaji na mwandishi mwenye hati nzuri. Alinakili tendi kwa ajili ya Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na nakala zake zimetawanyika katika maktaba za Uingereza na Ujerumani. Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walimpa kitabu kizima mwaka 2010, wakionyesha upana wa kazi yake. Nakala nyingi alizowaandikia Wazungu alizifanya kwa malipo, kwa kuagizwa, na akijua fika wasomaji wake wangependa nini. Basi sehemu isiyo ndogo ya miswada ambayo sisi huitumia kama ushahidi wa “utamaduni wa utendi wa Lamu” imetoka katika mkono mmoja, uliokuwa na soko lake. Hilo haliifanyi miswada hiyo kuwa ya uongo, ila linabadili namna ya kuilinganisha. Nakala mbili za utendi mmoja zinazokubaliana, moja London na nyingine Hamburg, si mashahidi wawili ikiwa zote ni za Kijuma. Mhariri asiyeliona jina lake katika rekodi atazihesabu mara mbili. Utendi wa Fumo Liyongo wa 1913, unaopewa jina lake, unatuachia swali lile lile kwa upande wa pili, yaani ni wapi mnakili anapokoma na mtungaji anapoanza. Jibu la swali hilo linahitaji kwanza tuweze kuzikusanya nakala zake zote kwa utafutaji mmoja.

Majina ya tungo nayo yana matatizo, ingawa ni mepesi kurekebisha. Utendi wa Tambuka ndio huo huo Chuo cha Herekali, na Tambuka yenyewe ni Tabuk ya Kiarabu. Anayetafuta “utenzi” hakosi kupitwa na “utendi”. Al-Inkishafi hujificha pale ambapo imeandikwa bila kitangulizi chake cha Kiarabu. Lahaja za kaskazini huongeza mtego: anayetafuta “njia” na “macho” katika maneno ya kwanza ya shairi la Kiamu hatafika penye “ndia” na “mato”. Liko pia jina linalotiwa na wahariri. Werner na Hichens walipouchapisha utendi wa Mwana Kupona mwaka 1934 waliupa jina lenye kuutaja wajibu wa mke, na rekodi inayoichukua mada yake kutoka jina hilo humpeleka msomaji kwenye ndoa peke yake. Mtungaji mwenyewe anaanza kwa ugonjwa wake na kumwita binti yake asogee na wino na karatasi. Huo ni wosia wa mama anayekiona kifo, na nusu ya mafundisho yake humpoteza msomaji aliyekwisha kuambiwa na mashine kwamba anasoma kitabu cha unyumba.

Chini ya yote hayo uko unukuzi. Katika miswada mingi ya kale herufi moja ya Kiarabu husimamia *b* na *p*, kasra husimamia *i* na *e*, na nazali iliyo mbele ya konsonanti haiandikwi. Hivyo *penda* na *pinda* huweza kuandikwa sawasawa. Anayeandika mstari wa kwanza wa shairi kwa hati za Kilatini katika rekodi amekwisha kuchagua kati ya mapenzi na kupinda, na mashine itautunza uchaguzi wake kana kwamba ndio mswada.

Zana za kuyaonyesha haya zipo. Mfumo wa MARC, ambao vyuo vikuu vingi huutumia, una alama za kumtambulisha mnakili na mkusanyaji kila mmoja kwa kazi yake, una nafasi ya majina mengine ya kazi, na una nafasi 880 ya kuweka maneno katika hati yake ya asili kando ya unukuzi. Upungufu hutokea pale rekodi zinapopunguzwa ili zikusanywe pamoja na za maktaba nyingine. Dublin Core sahili ina vipengele 15, na ndani yake mnakili na mkusanyaji huishia kuwa “mchangiaji” tu, bila tofauti. Hapo Sikujua na Taylor wanakuwa kitu kimoja tena, hata kama maktaba ya kwanza ilikuwa imewatenganisha.

Kwa sababu hiyo mapendekezo yangu hayaendi kwa wakutubi peke yao. Mkutubi hawezi kuijaza nafasi ya mnakili ikiwa hakuna aliyezisoma beti za tamati, na kuzisoma ni kazi ya idara za Kiswahili. Katalogi ya miswada ya Dar es Salaam ambayo J. W. T. Allen aliichapisha mwaka 1970 iliandaliwa na mtu aliyekuwa pia mhariri wa tendi. Tangu hapo tumeziacha kazi hizo mbili ziachane, na kuorodhesha mswada hakuhesabiwi kuwa utafiti mwalimu anapopandishwa cheo. Tasnifu moja ya uzamili inayozisoma tamati za mkusanyo mmoja tu, ikazitoa kwa hati zake za asili pamoja na unukuzi, na kumtenga mtungaji na mnakili katika kila mswada, ingefaa kuingizwa katika rekodi moja kwa moja. Mkusanyo wa kuanzia ungekuwa ule wenye nakala nyingi za Kijuma.