Nafsi Moja, Vinywa Viwili: Kuwasikiliza Gillian Welch na David Rawlings

Darasani tulifundishwa kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: ni nani anayesema katika shairi hili? Tukaambiwa tusimchanganye mshairi na nafsineni, maana mtu anaweza kuandika "mimi" na asiwe yeye. Ni somo zuri, sina ugomvi nalo. Ila kuna Wamarekani wawili ambao kila nikiwasikiliza naona somo lile limebakiza kitu. Katika nyimbo zao "mimi" ni mmoja, lakini vinywa vinavyomsema ni viwili.

Nawazungumzia Gillian Welch na David Rawlings. Kwa ambaye hajawahi kuwasikia, habari yao ni fupi: walikutana Boston wakisoma chuo cha muziki cha Berklee, wakahamia Nashville, na mwaka 1996 ikatoka albamu ya kwanza, *Revival*. Muziki wao umetoka kwenye nyimbo za zamani za vijijini Marekani. Gitaa mbili, mara nyingine banjo, sauti mbili, basi. Mara nyingi Welch ndiye anayeongoza. Rawlings anashika sauti ya pili, huku gitaa lake dogo, Epiphone ya mwaka 1935, likidondoa noti katikati ya mistari kama mtu anayekumbuka jambo.

Aliyewahi kuimba kwaya anajua sauti ya pili ni nini. Ndiyo ile ambayo ukiiimba peke yako nyumbani, watu wanakuuliza huu ni wimbo gani. Haina maana hadi ya kwanza iwepo. Kule Marekani uimbaji wa wawili una ukoo wake, na ukoo huo umejaa ndugu wa damu: Delmore Brothers, Louvin Brothers, Stanley Brothers, baadaye Everly Brothers. Watoto waliokulia nyumba moja hutamka maneno kwa namna moja, kwa hiyo sauti zao hugandana bila shida. Welch na Rawlings si ndugu. Ukaribu ule wameutafuta kwa kazi, na nadhani ndiyo maana unasikika kama uamuzi.

Sasa turudi kwenye swali la nani anasema. Chukua "Caleb Meyer", wimbo unaofungua albamu ya pili, *Hell Among the Yearlings* ya 1998. Msimulizi ni mwanamke. Mume wake hayupo, nyumba iko mbali na watu, na mwanamume mmoja anafika akamvamia. Mkono wake unaigusa chupa, anaivunja, na kwa kipande kile anamuua. Kiitikio ni maneno anayomwambia mzuka wa yule mtu.

Kisa chote kinasimama juu ya upweke. Angekuwepo mtu wa kusikia, kisa kingekuwa kingine. Halafu kinafika kiitikio, na sauti ya mwanamume inaingia pembeni ya yake. Ni nani huyu? Ni mume aliyerudi akiwa amechelewa? Ni marehemu mwenyewe, aliyelazimishwa kuimba hukumu yake? Au ni jirani ambaye siku ile hakusikia, na leo amekuja kushuhudia? Maneno hayasemi. Ukiyasoma kwenye karatasi hutamwona kabisa mtu huyo, kwa sababu yupo katika uimbaji tu. Mimi naegemea jibu la tatu. Kwangu, sauti ya pili ni shahidi. Mwanamke huyu hakuwa na mtu siku ya tukio, lakini kila wimbo unapoimbwa anapewa mmoja.

"Orphan Girl" ya kwenye *Revival* inafanya jambo hilohilo kwa upole zaidi. Anayesema ni yatima: hana mama, hana baba, hana ndugu, anasubiri kukutana nao mbinguni. Maneno ni ya mtu asiye na mtu, na yanaimbwa na watu wawili. Msomaji mkali atasema hapo wimbo umejipinga wenyewe. Mimi naona hapo ndipo unapopumua. Akiuimba peke yake, yatima angetuomba huruma. Sauti ya pili ikiwepo, huruma tayari imefika, sisi tunabaki kusikiliza.

Fasihi yetu ina njia zake za kuweka sauti mbili ndani ya utungo mmoja. Tuna malumbano, na tuna ngonjera aliyoieneza Mathias Mnyampala. Lakini humo kila mmoja ana "mimi" yake, na raha iko kwenye kupingana au kufundishana. Welch na Rawlings hawajibizani. Wanaibeba "mimi" moja kama watu wawili wanaobeba kitanda kupita mlangoni: kila mmoja anapima hatua ya mwenzake, na akiteleza mmoja kitanda kinaanguka.

Kwa nini haya ni muhimu? Kwa sababu kwa miaka mingi yamesomwa vibaya. Albamu tano za mwanzo, kuanzia *Revival* hadi *The Harrow & the Harvest* ya 2011, zilitoka kwa jina la Gillian Welch peke yake, ingawa Welch mwenyewe amekuwa akisema kwamba hilo ni jina la kundi la watu wawili. Wahakiki wakaenda na jina la kwenye jalada. Wakamchunguza yeye: mtoto wa kuasiliwa, amekulia Los Angeles, wazazi walikuwa wanatunga muziki wa kipindi cha televisheni. Wakauliza, anapata wapi haki ya kuimba habari za milimani na umaskini wa miaka ya 1930?

Tunalijua swali hilo, hata sisi tumewahi kuulizana nani ana haki ya kuandika nini. Lakini linadai kwamba nyuma ya kila "mimi" kuna mtu mmoja, na mtu huyo aonyeshe cheti cha kuzaliwa. Jibu linasikika ndani ya nyimbo zenyewe. Pale ambapo "mimi" imeshagawanywa kati ya mwanamke na mwanamume, mbele ya masikio yetu, wimbo hautudanganyi kwamba ni ungamo la mtu fulani. Unatuambia wazi kwamba maneno haya ni ya kushikwa na zaidi ya mmoja. Nyimbo za jadi zote ziliishi hivyo.

Sisemi kila wanachogusa ni dhahabu. *The Harrow & the Harvest*, iliyokuja miaka minane baada ya iliyoitangulia, wengi wanaiona kilele chao. Mimi naiheshimu kuliko ninavyoipenda. Ni wao wawili tu, hakuna mpigaji mwingine, na zipo nyimbo humo ambamo sauti zimepatana mno, mwendo ni uleule wa polepole, hadi huzuni inakuwa kama shati lililopigwa pasi. Shahidi akikubaliana na kila neno mapema mno, tunaanza kumshuku. Napenda zaidi *Time (The Revelator)* ya 2001, hasa wimbo wa mwisho, "I Dream a Highway", unaokaribia dakika 15. Pale wanatembea taratibu, na unasikia wakisubiriana.

Jina la Rawlings nalo limekuwa na albamu zake, na humo Welch ndiye anayerudi nyuma kushika ya pili. Kisha Machi 2020 kimbunga kiliezua paa la studio yao ya Woodland, Nashville, wakahangaika usiku kuokoa kanda zao. Mwaka huo wakatoa albamu ya nyimbo za watu wengine yenye majina yote mawili, na mwaka 2024 ikaja *Woodland*, ya kwanza ya nyimbo zao mpya kuandikwa hivyo. Humo kuna "Hashtag", ya kumkumbuka Guy Clark, mtunzi wa Texas aliyefariki 2016, inayosikitika kwamba mwimbaji huwa habari siku anapokufa. Rawlings anaongoza. Ukiuweka karibu na "Caleb Meyer" utasikia kwamba wamebadilishana viti, na kazi ya ushahidi imehamia kwa Welch.

Basi nina ombi moja. Chagua wimbo wao wowote, usikilize mara ya kwanza kama kawaida. Mara ya pili, ikishaingia sauti ya pili, mwache anayeongoza aende zake, umfuate huyu mwingine hadi mwisho. Ni mwendo usiozoeleka, na mwanzoni utapotea. Ukishaushika, rudi kwenye diwani yoyote unayoipenda, na utakapokutana na "mimi", uliza pia: na nani mwingine yuko hapa, anayesikia?