Krismasi: 'Alizaliwa' au 'Tunaadhimisha'?

Kila Desemba, kutoka Maua hadi Runyenjes, ubishi ni ule ule. Mhubiri mmoja husema, "Yesu alizaliwa Desemba 25." Mwingine humjibu kuwa hiyo ni tarehe ya wapagani, basi Krismasi ni uongo. Hebu tuyapime maneno yao.

Wa kwanza amekosea kitenzi. Mathayo na Luka hawataji siku wala mwezi. Tarehe hiyo twaikuta katika kalenda ya Roma ya mwaka 354. Aseme 'tunaadhimisha'.

Wa pili naye ameruka hatua. Ni kweli Kaisari Aurelian aliitukuza ibada ya Jua mwaka 274. Lakini wapo wataalamu wanaosema Wakristo walihesabu miezi tisa tangu Machi 25, siku waliyoamini mimba ilitungwa. Mjadala ungalipo.

Tena majina yenyewe hayabebi tarehe: Krismasi, kupitia Kiingereza, ni misa ya Kristo, Noeli, kupitia Kifaransa, yatoka kwenye neno la Kilatini la kuzaliwa.

Mbona basi ndugu wasusiane chapati za sikukuu? Mhubiri akibadilisha kitenzi kimoja tu, nusu ya ugomvi itakwisha.