Chipu Iliyokosekana Kwenye Ufunguo

Imobilaiza ni mfumo unaozuia injini isiwake mpaka ufunguo utambuliwe kwa njia ya elektroniki. Ndani ya kichwa cha ufunguo, chini ya plastiki, mna chipu ndogo isiyo na betri, na swichi ya gari imezungushiwa koili ya waya mwembamba. Dereva akiingiza ufunguo na kuuzungusha, koili hurusha mawimbi ya redio ya kilohezi 125 hivi, na mawimbi hayohayo ndiyo yanayoipa chipu umeme wa kujibu. Katika mifumo iliyokomaa, kompyuta ya injini hutoa namba mpya kila mara, na chipu hurudisha jibu lililokokotolewa kwa siri ambayo ni pande hizo mbili tu zinazoijua. Jibu likiwa sahihi, mafuta na cheche huruhusiwa. Likiwa la uongo, injini haiwaki. Ndiyo maana fundi anaweza kuchonga ufunguo unaofanana na wa awali jino kwa jino, ukafungua mlango na kuzungusha swichi, na bado gari likakataa kuwaka.

Jaribio la mapema lilikuwa rahisi zaidi. Mwaka 1986 General Motors iliweka rizista ndogo kwenye ufunguo wa Chevrolet Corvette, yenye kipimo kimojawapo kati ya 15. Chipu zilifuata katika miaka ya 1990, na kuanzia Oktoba 1998 Umoja wa Ulaya ulilazimisha imobilaiza katika kila gari dogo jipya. Wachumi Jan van Ours na Ben Vollaard walichunguza takwimu za Uholanzi za mwaka 1995 hadi 2008, wakakuta kifaa hicho kilipunguza wizi wa magari kwa takriban asilimia 40. Kanada iliweka sharti la namna hiyo mwaka 2007.

Marekani haikufanya hivyo. Kanuni yake ya usalama ilidai tu kwamba bila ufunguo gari lisiwake, tena usukani au mwendo wake uzuiwe. Watengenezaji wengi waliweka imobilaiza kwa hiari. Kia na Hyundai ziliiacha katika matoleo mengi ya bei nafuu, yale yanayowashwa kwa kuzungusha ufunguo. Kwa magari ya mwaka 2015, taasisi ya takwimu za bima ya Highway Loss Data Institute ilikuta imobilaiza kama kifaa cha kawaida katika asilimia 26 tu ya aina za magari ya kampuni hizo mbili, ilhali kwa watengenezaji wengine ilikuwa asilimia 96. Kilichoachwa hakikuwa kigeni kwa Kia na Hyundai: magari ziliyouza Ulaya na Kanada yalikuwa nacho.

Pengo hilo lilijulikana katika mji wa Marekani wa Milwaukee kabla ya miji mingine. Mwaka 2021, takriban theluthi mbili ya magari yaliyoibwa mjini humo yalikuwa Kia na Hyundai. Mwaka 2022 video za TikTok zilisambaza mbinu yenyewe nchi nzima: kioo kinavunjwa, plastiki chini ya usukani inang'olewa, kisha swichi inazungushwa kwa kitu bapa kama ncha ya waya wa USB. Hakuna chipu inayoulizwa chochote, kwa hiyo injini inawaka. Wengi wa waliokamatwa walikuwa vijana wadogo waliotaka kuendesha tu, na magari yakaishia kugongwa. Kufikia Februari 2023 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilikuwa imepokea taarifa za ajali zisizopungua 14 na vifo 8.

Mwezi huohuo kampuni hizo zilianza kutoa programu mpya bure kwa magari yapatayo milioni 8.3. Programu iliongeza mlio wa kengele kutoka sekunde 30 hadi dakika moja, na ikaifanya kompyuta igome kuwasha injini baada ya gari kufungwa. Hapo ndipo penye udhaifu wake. Kinga huamka pale tu mwenye gari anapofunga milango kwa rimoti. Akifunga kwa kuzungusha ufunguo mlangoni, gari linabaki kama lilivyokuwa. Chipu haimtegemei dereva namna hiyo, na kiraka hiki cha programu hakiwezi kuwa badala yake kamili. Hata hivyo kilifaa: mwaka 2024 taasisi ileile ya takwimu za bima iliripoti kwamba magari yaliyopata programu yaliibwa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 53 kuliko yasiyoipata.

Lakini vioo viliendelea kuvunjwa. Mwizi hagundui kuwa programu imewekwa mpaka awe ameshaingia ndani, akaharibu usukani, kisha akashindwa. Kwa sababu hiyo kampuni zilitoa stika za dirishani, na polisi wakagawa kufuli za usukani. Kufuli la chuma linaloonekana kutoka nje linamkatisha tamaa mtu kabla hajagusa kioo, kazi ambayo kompyuta iliyofichwa haiwezi.

Magari yanayowashwa kwa kitufe yana mlango mwingine wa hatari. Mwaka 2011 watafiti wa ETH Zurich walijaribu magari 10 ya watengenezaji 8 kwa kupitisha mawimbi kati ya gari na ufunguo ulioko mbali. Yote yalifunguka na kuwaka. Dawa yake ni ufunguo unaolala usipotikiswa, kuuweka ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko, na mifumo mipya inayopima muda wa mawimbi kusafiri ili kujua umbali wa kweli.

Imobilaiza pia hailindi vipuri. Dar es Salaam na Nairobi, ambako vioo vya pembeni na taa hung'olewa gari likiwa limeegeshwa, wamiliki huchora namba ya gari kwenye kila kioo na taa. Kipuri chenye namba ya mtu kinaweza kung'oka kama kingine, ila kukiuza ni kazi.